Vespa ya Zamani na Vyuma Vipya

Tangu nilipotaja, mwishoni mwa makala ya mwezi uliopita, kwamba vijana wa ukoo wetu walioko hapa Hopkins wanaifufua vespa moja ya miaka ya 1960, nimeletewa barua nyingi kuliko nilizowahi kupata kwa habari za nasaba. Jamaa wameandika kutoka Muscat, London na Toronto. Wengine wametuma picha za wazee wao wamekaa juu ya vespa, kanzu imekunjwa magotini, na nyuma kabisa unaonekana mlango wa mbao uliochongwa. Lakini swali lililojirudia ni moja: je, ikisha kutiwa vyuma vipya, itakuwa bado ni ile ile?

Swali hilo limeigawa nyumba yetu pia. Ami yangu, ambaye amekwisha vuka miaka 80, alipoambiwa kwamba kijana anataka kuondoa mfumo wa umeme wa zamani na kutia wa kisasa, alisema kwa mkato, "Mkiitoa roho yake mtabaki na bati." Kijana, ambaye ni mjukuu wa nduguye, akamjibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Babu, mimi ndiye nitakayeipanda barabarani, na taa yake hainionyeshi hata shimo lililo mbele yangu." Sikutaka kumkatiza yeyote kati yao. Nimeona ni bora niandike historia ya chombo chenyewe, kwani aghalabu mambo tunayobishania watu wengine wamekwisha yapitia.

Hopkins si mji wa kushangaa chuma cha kale. Mwaka 1887 kampuni ya Minneapolis Threshing Machine ilijenga hapa kiwanda cha mashine za kupura ngano, na makazi yaliyochipuka ubavuni mwake yakasajiliwa kuwa mji mwaka 1893 kwa jina la West Minneapolis. Jina la Hopkins lilichukuliwa rasmi mwaka 1928, kwa kumkumbuka Harley Hopkins, mkuu wa kwanza wa posta. Mwaka uliofuata kampuni ile iliungana na mbili nyingine ikawa Minneapolis-Moline, na mwaka 1938 kampuni hiyo ikatoa trekta la UDLX, lenye kibanda kilichofungwa, redio na kipasha joto, kana kwamba mkulima anakwenda harusini. Wakulima wengi hawakulitaka. Leo wakusanyaji hulipigania kwa fedha nyingi. Kiwanda kimekwisha kazi zamani, lakini mapenzi ya mashine hayakuondoka nacho. Kiangazi hapapiti juma bila kuona gari au pikipiki yenye umri wa kunishinda ikitembea polepole katika Mainstreet.

Sasa nije kwenye vespa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, kiwanda cha Piaggio kilichoko Pontedera, Italia, kilichokuwa kikitengeneza ndege, kilikuwa kimevunjwa kwa mabomu, na nchi yenyewe haikuwa na barabara nzuri wala watu wenye uwezo wa kununua magari. Enrico Piaggio alimpa kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta, ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo: aliziona chafu, ngumu kupanda, na zenye taabu kubwa tairi likipasuka. Basi akabuni chombo kisicho na mnyororo. Injini iliwekwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma na kulizungusha moja kwa moja. Gia zilitiwa katika mkono wa kushoto. Gurudumu la mbele lilishikwa upande mmoja tu, kama magurudumu ya ndege, ili liweze kufunguliwa kwa urahisi. Wala hapakuwa na fremu ya mabomba. Bati lenyewe lililokunjwa na kuchomelewa ndilo mwili na ndilo uti wa mgongo. Hati ya ubunifu ilisajiliwa tarehe 23 Aprili 1946. Jina lake, kwa Kitaliano, maana yake ni nyigu.

Nimelitaja jambo la bati kwa makusudi. Katika pikipiki nyingine unaweza kuvua mapambo yote ukabaki na fremu nzima. Katika vespa, sura na nguvu ni kitu kimoja. Bati la sakafu likioza, chombo kimevunjika uti wa mgongo hata kama rangi yake inang'aa. Ami anaposema kwamba tutabaki na bati, anasema kweli kuliko anavyodhani, kwa kuwa vespa ni bati lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilianza kuitengeneza vespa kwa leseni ya Piaggio. Leseni ile ilikoma mwaka 1971, na mwaka uliofuata Bajaj wakaitoa Chetak yao, iliyopewa jina la farasi wa mfalme wa Mewar, ikiwa na sura ile ile karibu kabisa. Pwani yetu ilizijua zote, za Italia na za India, na jina la vespa likawa la kila kitu cha namna ile, kama vile leo pikipiki yenye magurudumu matatu huitwa bajaji hata ikiwa imetengenezwa na mwingine. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo gari haliingii, vespa ilifaa kuliko chombo chochote. Ilibeba mtu na mkewe, mtoto akasimama mbele baina ya magoti, na kapu la samaki likaning'inia pale penye ndoano chini ya kiti.

Na ilidumu vipi? Hapa ndipo napenda wajukuu wasikilize. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu Tanzania, spea hazikupatikana kwa kuagiza tu. Fundi alikata gaskiti kwa mkasi kutoka katika karatasi ngumu, akachomelea sakafu iliyoliwa na chumvi ya bahari, akatia kabureta ya Bajaj katika injini ya Italia, na waya wa klachi uliokatika akauunga mpaka upatikane mwingine. Hakuna aliyemwuliza kama kifaa hiki ni asilia. Lile neno asilia, kwa maana wanayoitumia wakusanyaji wa huku, ni neno la mtu mwenye duka la spea karibu. Vespa tunazozikumbuka, ambazo ami anazilinda kwa moyo wake wote, zilikuwa zimekwisha badilishwa mara nyingi kabla ya yeye kuzipanda. Hata ile ya marehemu nduguye, iliyobaki Unguja familia ilipoondoka na ambayo haikuonekana tena, ilikuwa na taa ya mbele iliyotoka katika chombo kingine. Ami mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

Vespa ya kijana wetu haikutoka Unguja. Aliipata katika ghala la shamba magharibi ya hapa, chini ya magunia, na kifuani haikuandikwa Vespa bali Allstate. Wengi wenu mmeniandikia kuuliza kama ametapeliwa. La. Kuanzia mwaka 1951 kampuni ya Sears ilikuwa ikiziuza vespa za Piaggio hapa Marekani kwa jina lake yenyewe la Allstate, na kwa kuwa Sears iliuza bidhaa zake kwa katalogi na posta, mkulima aliye mbali na mji aliweza kuagiza vespa kama anavyoagiza jembe au cherehani. Kwa hiyo chombo kilichobuniwa Pontedera kilifika katika mashamba ya mahindi ya Minnesota kikiwa na jina la kupewa. Sisi ambao majina yetu yamekatwa na kuandikwa upya katika kila ofisi ya uhamiaji tuliyopitia hatuna sababu ya kulishangaa jambo hilo.

Maadamu tumefika kwenye majina, kuna hikaya nyingine ya jirani zetu. Indian ni pikipiki ya Kimarekani iliyoanzishwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1901. Mwaka 1953 utengenezaji ukasimama. Baadaye kidogo, kuanzia 1955, jina la Indian lilibandikwa juu ya pikipiki za Royal Enfield za Uingereza, na wanunuzi wakauziwa jina la huku na injini ya kule. Halafu mwaka 2011 jina lilinunuliwa na Polaris, kampuni ambayo makao yake makuu yako Medina, katika wilaya hii hii ya Hennepin, mwendo usiotimia nusu saa kwa gari kutoka Hopkins. Mwaka 2013 wakatoa Chief mpya: madigadi makubwa yaliyofunika magurudumu kama ya miaka ya 1940, injini iliyochongwa mapezi ifanane na ya zamani, na ndani yake mafuta yanayopulizwa kwa kompyuta na breki zisizofunga gurudumu. Ni kazi nzuri. Nimeiona, nami sikuona haya kuizunguka mara mbili. Lakini ile ni pikipiki mpya iliyovishwa sura ya zamani, na swali letu ni kinyume chake: chombo cha zamani kinachoombwa kiishi katika barabara za leo.

Tena iko njia ya tatu, nayo ndiyo ya kuogopwa. Vespa za kale zilipoanza kutafutwa sana Marekani na Ulaya, kulizuka biashara ya kuzikarabati kwa haraka huko Vietnam na nchi za jirani na kuziuza ng'ambo. Mafundi hodari wako kule kama walivyo popote, lakini nyingi katika zile zilizofika zilikuwa zimeunganishwa kutoka vyombo viwili au vitatu, bati lililooza likajazwa lipu na kufunikwa kwa rangi mbili za kupendeza na nikeli ya kung'aa. Katika picha hazina kasoro. Sakafu hupasuka barabarani. Kabla ya kupata hii ya shambani, kijana wetu alikaribia kununua moja ya namna hiyo kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Alichomwokoa ni sumaku ndogo: aliipitisha juu ya bati, na kila penye lipu haikushika.

Ami alipoisikia habari ile ya sumaku alinyamaza kitambo. Nikamkumbusha Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari ya Unguja, nyumba ya kwanza katika nchi zile kupata taa za umeme. Sura yake ilihifadhiwa na kupigwa picha na kila mgeni, na tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi za ukarabati, sehemu yake kubwa ikaanguka na kuua watu. Yeyote aliyezoea nyumba za Mji Mkongwe anajua pia lile tatizo la saruji. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Mtu akizipiga lipu ya saruji akidhani anaziimarisha, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza taratibu nyuma ya lipu ngumu. Kwa hiyo si kila kipya chenye nguvu ni msaada kwa cha zamani. Chokaa mpya kwa ukuta wa chokaa ni dawa.

Kwa kipimo hicho tulikaa, ami, kijana na mimi, tukapitia orodha ya vifaa alivyotaka kutia, kimoja baada ya kingine.

Umeme ulipita bila shida kubwa. Vespa za wakati ule zina umeme wa volti 6 unaotoka katika sumaku inayozunguka na injini, bila betri kwa nyingi zake. Ukipunguza mwendo kwenye njia panda, taa hufifia kama kibatari kilichokwisha mafuta, na hapo ndipo unapotaka kuonekana zaidi. Cheche ya plagi nayo hutegemea pointi, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara kwa dakika, ambavyo huungua, huchakaa na kuhitaji kusafishwa na kupimwa. Piaggio wenyewe walizihama pointi: familia ya PX iliyotoka mwaka 1977 ilikuja kuwa na umeme wa elektroniki, na hivi leo hupatikana seti kamili ya volti 12 inayoingia mahali pa ile ya zamani, chini ya kifuniko kile kile. Hakitobolewi kitu wala hakikatwi. Mtu aliyesimama nje haoni tofauti, ila usiku. Ami alitaka kujua kama sauti itabadilika. Haibadiliki, isipokuwa injini hushika kwa teke la kwanza badala ya la sita, na hilo mwenyewe alikiri kwamba nduguye angelifurahia.

Breki zilikuwa na mjadala mrefu. Kijana alitaka uma wa mbele wenye breki ya diski, wa namna ambayo Piaggio waliitia katika PX mwaka 1998. Breki yenyewe ni bora, sina ubishi. Lakini uma ule ni wa gurudumu la inchi 10, na Allstate hii ina magurudumu ya inchi 8. Shina lake lazima likatwe lilingane na shingo ya chombo. Na kimo cha mbele hubadilika. Tena nguvu ya kusimama lazima ibebwe na bati la shingo lililokunjwa zaidi ya miaka 50 iliyopita kwa breki dhaifu. Nilimwona akifikiri. Mwisho aliamua mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba breki za ngoma zitabaki, zikiwa na viatu vipya vya kiwango cha leo, nyaya mpya zinazoteleza vizuri, ngoma zilizochongwa upya ziwe duara kamili, na matairi mapya. Chombo hiki hakikubuniwa kwa barabara kuu za mwendo wa kasi, naye hatakipeleka huko. Atakuwa akizunguka nacho mjini na katika njia za mashamba. Ingekuwa anakwenda nacho kazini Minneapolis kila siku kupitia barabara kuu ya 7, ningesimama upande wa diski, hata kama ami angeacha kusema nami.

Injini kubwa zaidi ilikataliwa na wote watatu. Ni jambo la kawaida hapa kung'oa injini dhaifu na kutia ya PX, au silinda pana zaidi. Lakini ukiongeza mwendo bila kuongeza uwezo wa kusimama umekwisha jua utaishia wapi.

Lililobaki lilikuwa la petroli, nalo linawahusu wote mlioko Minnesota wenye chombo cha kale. Jimbo hili la mahindi linaamuru petroli ya kawaida ichanganywe ethanoli, yaani kileo kinachotokana na mahindi hayo. Kwa gari la leo haina neno. Kwa vespa ya miaka ya 1960 hulainisha mipira ya zamani na sili, na kwa kuwa ethanoli huvuta maji, chombo kikilala majira yote ya baridi na mafuta ndani yake, tangi huota kutu na kabureta hujaa ukoko wa kijani. Sheria imeacha mlango: petroli isiyo na ethanoli inaruhusiwa kuuzwa kwa magari ya makumbusho, pikipiki, mashua na mashine ndogo, na vituo kadhaa huwa na pampu yake pembeni yenye maandishi ya kueleza hivyo. Hata hivyo tulibadilisha mipira yote ya mafuta na sili zote za injini kwa zile zisizoliwa na ethanoli, kwa sababu siku moja mtu atajaza kwa haraka penye pampu isiyo yake. Na kabla ya theluji tangi litamwagwa na kabureta itakaushwa. Hapa chumvi haitoki baharini, humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, lakini bati hulila namna ile ile.

Jimbo pia hutoa kibao maalumu kwa pikipiki iliyotimiza miaka 20 na inayotunzwa kama kumbukumbu, si kwa safari za kila siku. Kijana amekwisha kujaza fomu. Nilimsaidia kuisoma, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi nikiwa karani.

Kutoka katika ukarani huo nimemwekea sharti moja, naye amelikubali. Kila kinachotolewa hakitupwi. Sahani ya pointi, sumaku ya volti 6, taa yenye kioo kilichopasuka, viatu vya breki vilivyokwisha, vyote vimefungwa katika karatasi ya mafuta na kutiwa katika sanduku la mbao, kila kimoja na kitambulisho chake. Daftari limeandikwa kwa Kiswahili: tarehe, kilichotoka, kilichoingia, kilinunuliwa wapi na kwa bei gani, na nani alikifunga. Nambari iliyogongwa katika bati imenakiliwa ukurasa wa kwanza, nayo haitaguswa kwa msasa wala kwa rangi nzito. Siku mjukuu wake atakapotaka kuirudisha kama ilivyotoka ghalani, ataweza, kwa kuwa hatukukata wala kutoboa.

Rangi bado inagombaniwa. Chini ya ile ya juu zimeonekana mbili nyingine, na ami anaitaka ya buluu hafifu, kama ya nduguye. Sikusudii kuingia humo.

Beji ndiyo iliyokwisha amuliwa. Kijana alikuwa amenunua ile ya herufi za mteremko iliyoandikwa Vespa, akataka kuifunga kifuani. Ami ndiye aliyemzuia, akasema matundu yaliyopo ni ya Allstate, na kutia lile jina jingine kungelazimu kutoboa mapya. Beji mpya imetiwa sandukuni pamoja na vyuma vya zamani, na katika daftari nimeiandika: nambari 31, haikutumika.